Mwalimu Aliyesubiri Mashine Izime

Alikuwa haigusi mashine kwanza. Ukimpelekea kompyuta mbovu kwenye banda lake la Nyahanga, pale Kahama mjini, alikuonyesha mahali pa kuiweka, akavuta kiti, akaanza kukutazama wewe. Wateja wengi hawakupenda kutazamwa namna ile. Walizoea mafundi wa stendi, ambao hujamaliza kueleza shida yako wameshafungua skrubu.

Nakumbuka dalali mmoja wa dhahabu, kijana mnene, aliyeingia siku moja huku bado anaongea na simu. Akaitupa laptop yake mezani.

“Mzee, inazingua.”

“Nani?”

“Kompyuta.”

“Inazingua vipi?”

“We acha tu, mzee. Inazingua.”

Mwalimu akamwonyesha mlango. “Toka nje, kakumbuke, halafu urudi.”

Sisi tuliokuwa kwenye benchi tulicheka. Dalali alitusonya, lakini akatoka kweli, akasimama juani akiwaza, akarudi. “Nikifungua picha haina neno,” akasema. “Nikifungua barua pepe ndiyo inaganda.”

“Hapo sasa umeleta kompyuta,” Mwalimu akamjibu. “Mwanzo ulikuwa umeniletea hasira.”

Hilo ndilo lilikuwa somo lake kubwa, na alilirudia mpaka watu wakamchoka: usiniambie imeharibika, niambie imefanya nini. La pili lilikuwa kwamba ukitengeneza, badilisha kitu kimoja tu, kisha ungoje. Ukibadilisha viwili, hata ikipona hujui kilichoiponya. Na la tatu hakulisema kwa mdomo, alilitenda. Aliiwasha mashine, akaketi mbele yake mikono imekunjwa, akasubiri izime mbele ya macho yake. Kama ilichukua siku nzima, alikaa siku nzima. Ugonjwa usiouona, alisema, utatibu nini?

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli, wa fizikia, sekondari. Alipostaafu ndipo akafungua banda. Mimi mwenyewe alinifundisha, ingawa kwa muda mfupi. Niliishia kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini na mimi nikabaki na wadogo zangu wawili, Kabula na yule wa mwisho aliyekuwa bado ananyonya. Miaka mingi baadaye nilipoanza kwenda bandani kwake, hakuonyesha kwamba ananikumbuka, nami sikumkumbusha. Alinijua kama mama mmoja wa Segese anayeponda mawe. Watu huko Segese huniita Mama Kabula, na yeye akaniita hivyo hivyo, mpaka aliposikia Kabula mwenyewe ananiita dada. Kuanzia hapo akaniita binti.

Alivaa sweta la kijivu hata mwezi wa kumi, jua linapopasua midomo. Jioni alizifunika kompyuta za watu kwa kanga za mkewe, moja moja, akizichomekea pembeni kama anayelaza watoto wachanga, kwa sababu ya vumbi. Vumbi alilichukia kuliko wezi. Lakini mlango wa banda hakuufunga hata siku moja wakati wa kazi, na banda lilitazama barabara ya vumbi ambako malori ya mawe yalipita kutwa. Nilimuuliza siku moja kwa nini asifunge. Akasema akifunga hataona nani anapita na nani. Basi alifuta vumbi, akalilaani, akanyanyua kichwa kuangalia nani anapita, akafuta tena.

Alikuwa na subira ya kukaa na mashine kutwa, lakini hakuweza kusubiri sahani ya wali. Mama ntilie wa jirani alimpelekea chakula kabla ya wote ili asije akasimama jikoni kwake kumhesabia dakika. Kanisani, kwenye misa ya kwanza, alisinzia mahubiri yote, lakini spika ya kwaya ikianza kulia vibaya aliamka, akatembea mbele ya watu wote, akazungusha kitufe, akarudi kusinzia. Paroko aliacha kumkataza. Kwa wateja alihimiza ukweli kama padri, na yeye mwenyewe, akiletewa kazi na mtu asiyempenda, alisema kifaa chake hakipatikani Kahama yote, huku kifaa kiko kwenye droo karibu na goti lake. Kila mteja yeye alimwambia aweke nakala za vitu vyake mahali pawili. Picha zake za harusi, alizozihamishia kwenye kompyuta yake kuukuu, zilipotea siku ilipokufa, na hazikuwa na nakala popote.

Mkewe, mama mrefu mwenye sauti ya chini aliyeuza vitenge sokoni, hakumsamehe hilo. “Huyu anasikiliza wagonjwa wa umeme tu,” aliniambia siku moja mbele yake. “Mimi nikimwambia kichwa kinauma ananijibu, lala.”

“Na ukilala si kinapona?” Mwalimu akauliza, macho yakiwa kwenye kioo cha mashine.

“Kinapona kwa sababu nikilala sikuoni.”

Nadhani alicheka, kwa maana sweta lilitikisika.

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya laptop ya Kabula. Kabula alikuwa anasomea uuguzi, mwaka wa mwisho, na alikuja nyumbani Segese kuandika ripoti ya mafunzo yake ya vitendo. Chuo kilikuwa kimewaambia wazi: asiyewasilisha kabla ya tarehe ya kufungua anarudia mwaka. Mwaka mwingine mimi sikuwa nao. Mtu anayebeba mzigo hupima nguvu zake zifike mahali fulani, na mimi nilikuwa nimezipimia zifike pale. Nilikuwa nimemnunulia laptop mpya, ya kwenye boksi, nailoni bado iko kwenye mfuniko. Nilidhani kitu kipya hakisumbui.

Ilianza kuzima wiki ya kwanza. Kabula anaandika, kioo kinakuwa cheusi. Anabonyeza, hakiamki. Anashikilia kitufe cha kuwashia mpaka iwake upya, na yale aliyoandika hayapo. Baada ya kuiwasha hivyo mara nyingi, ikaanza kuleta kioo cha bluu chenye maneno ya Kiingereza. Tuliipeleka dukani tulikoinunua. Wakasema shida ni window, wakapiga window upya. Ilifanya kazi dukani vizuri, tukairudisha Segese, ikazima. Tukaipeleka tena, wakapiga window tena, wakatuambia kwa ukali kwamba tunaitumia vibaya. Kabula akaanza kuandika huku mkono mmoja uko tayari kwenye kitufe. Kurasa alizokuwa anapoteza alizirudia mpaka akawa anaziandika bila kufikiri, kama anayesema rozari.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa mlangoni, laptop imefungwa.

“Dada, niache tu,” akaniambia. “Nije tuponde wote mawe. Wewe uliacha, hukufa.”

Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoweza kugomba. Nilinawa, nikapika, na wakati wa kula nikamwambia kesho tunakwenda Nyahanga kwa yule mwalimu wa mashine.

Mwalimu aliiweka laptop mezani kwake, akaketi. Tukakaa naye. Iliwaka kutwa. Kabula aliandika kurasa kadhaa pale pale kwenye benchi, katikati ya makelele ya malori, na haikuzima. Jioni Mwalimu akatoa hukumu: umeme. Segese kuna makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na karasha likiwaka umeme wa mtaa mzima unayumba. Mkaichaji mchana karasha likiwa limelala, mtumie betri peke yake. Alisema kwa uhakika sana, kama anayeandika ubaoni.

Tulifanya hivyo. Ikazima kwa betri, chaja ikiwa imening’inia ukutani.

Tuliporudi kumweleza, alikunja uso. “Hamkufanya nilivyosema.”

“Tumefanya, Mwalimu,” nikasema.

“Hamkufanya. Betri haiyumbi.”

Kabula ana heshima, lakini si mwoga. “Shikamoo tumekupa, Mwalimu,” akasema, “na uongo hatujakuletea.”

Mkewe, aliyekuwa amepita kuleta chai, alisimama kusikiliza. “Basi nimekosea mimi,” Mwalimu akasema mwisho, kwa sauti ya mtu anayetushtaki sisi. Akavuta kiti karibu. “Tuanze. Inazima wakati gani?”

“Jioni zaidi,” Kabula akasema. “Mchana ni mara chache.”

“Nani huwa yupo jioni?”

Kabula aliniangalia, akatazama chini. Nilijua anachotaka kusema kwa sababu nilishakiona mwenyewe, nikakifunika. Ikizima, ilizima mimi nikiwa nyumbani. Siku nilizoshinda kwenye mwalo wa kuoshea mchanga, aliandika bila shida. Siku za Jumapili, nikiwa nimekaa ndani, haikudumu hata nusu saa. Jirani yetu, Mama Shija, alishalisema hilo kabla. Alikuja kuomba moto, akaona Kabula anahangaika, akanivuta nje. “Mama Kabula, usikasirike nikikwambia,” akasema. “Vitu vingine vinamkataa mtu. Baba alikwenda, mama akakwenda. Mtu mmoja huwezi kuandamwa na mikosi yote hiyo bila kuitazama. Kamwone mtaalamu akuoshe.” Nilimpa moto wake, nikamwambia wabeja, yaani asante, akaenda. Lakini kuanzia siku hiyo, Kabula akiandika, nilikuwa natoka nje, nakaa kwenye jiwe, nasubiri amalize. Na hata hivyo ilizima.

“Dada akiwepo,” Kabula akasema. “Samahani, dada.”

“Ni kweli,” nikamwambia Mwalimu. “Nikiwepo mimi. Watu wanasema ni mkosi.”

Nilitegemea acheke, au aseme la dini. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alionekana kufurahi, kama mtu aliyeletewa kifaa alichokitafuta. “Mashine haijui watu, binti,” akasema. “Haijui wewe ni nani. Kuna kitu unakuja nacho.” Akanyanyuka, akatafuta kofia. “Twendeni Segese.”

Mkewe akashangaa. Mwalimu hakuwa mtu wa kusafiri. Hata msibani Bukombe alimtuma yeye. “Na hawa wagonjwa wako wa mezani?”

“Watalala.”

Tulifika mchana. Chumba chetu kilikuwa kimoja, pazia katikati, na meza moja tuliyoitumia kwa kila kitu. Ilikuwa imepasuka zamani, na fundi aliifunga kwa chini kwa ubapa wa chuma. Mwalimu alimwambia Kabula aketi aandike. Mimi akanitoa nje.

“Sasa ingia kama unavyoingia ukitoka kazini,” akasema. “Fanya yote. Usiruke hata moja. Ukiwa unakohoa mlangoni, kohoa.”

Niliona aibu, lakini nikafanya. Niliingia na karai langu. Nililiweka kwenye kona. Nilivua kanga ya kazi, nikaitundika. Nilinawa mikono kwenye ndoo. Kabula alikuwa anaandika na kioo kiko cheupe. Kisha nikatoa kiunoni sumaku yangu ya kazi, ambayo siendi mbali bila hiyo, nikainama, nikaibandika mahali pake, chini ya meza, kwenye ule ubapa wa chuma.

Kioo kikawa cheusi.

Mwalimu akaniambia, taratibu kabisa, “Itoe.”

Nikaitoa. Kabula akabonyeza, kioo kikawaka, na maneno yake yote yalikuwepo.

“Irudishe.”

Cheusi.

Kila anayesaga mawe kwetu ana sumaku. Karasha linasaga kwa mipira ya chuma, na chuma hicho kinalika na kuingia kwenye mchanga wako. Ukishauosha na kuukausha, unapitisha sumaku juu yake, vyuma vinaruka na kushika, dhahabu inabaki. Yangu ilikuwa sumaku kubwa ya spika iliyokufa, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Ni kitu kinachoibwa haraka, kwa hiyo kila jioni niliificha chini ya meza, kwa kuwa ilijishika yenyewe kwenye chuma. Ilikuwa mkono wangu tu unaofanya. Sikuwa naifikiria, kama mtu asivyofikiria anapoweka viatu.

Mwalimu alitueleza, na mara hii alieleza vizuri, bila kukemea. Kwenye mfuniko wa laptop kuna sumaku ndogo, na chini, karibu na kibodi, kuna kitu kinachoihisi. Ukifunika, kile cha chini kinahisi sumaku, kinajua imefunikwa, kinailaza mashine. “Meza yenu ilikuwa inaiambia kwamba imefunikwa,” akasema. “Nayo ni mtoto mtiifu, inalala. Haikuwa inakufa. Ninyi ndio mlikuwa mnaiua, kwa kushikilia kile kitufe.”

Kisha akaishika sumaku, akaigeuza, akanipa. “Mkosi wako huu hapa,” akasema. “Uweke mlangoni.”

Nilikaa chini, sakafuni. Ningependa kusema nilifurahi. Kitu nilichokihisi ni uchovu wote wa miezi ile kunishukia mara moja, kwa kuwa sasa palikuwa na mahali pa kuutua. Kabula hakungoja. Alikuwa ameshasogea kwenye meza, anaandika. Nilipika ugali na dagaa wa Nkome. Mwalimu alisimama jikoni kwangu akihesabu dakika, akala, akalalamika kwamba chumvi imezidi, akaongeza mboga.

Mama Shija alipita jioni. Kabula akamwita ndani, akambandikia sumaku mezani, akaitoa, akaibandika tena. Mama Shija alitazama kioo kinavyolala na kuamka. “Haya,” akasema, “lakini nani aliyemtuma aiweke hapo?” Mwalimu alikuwa ameshapanda gari. Angekuwepo, angemtoa nje akafikirie.

Ripoti ilifika chuoni kwa wakati.

Baada ya hapo nilimtembelea kila nilipokwenda mjini, hata bila mashine mbovu. Nilikaa kwenye benchi, nikasikiliza anavyowafukuza watu wakakumbuke. Sijui kwa nini nilipenda kukaa pale. Labda ni kwa sababu ni mahali pekee nilipojua ambapo mtu akisema “haiwezekani” aliulizwa, “umeona nini?” Kwetu nyumbani mambo mengi yalitokea, na hakuna aliyeketi kuyatazama. Yalitokea, tukayabeba.

Kiangazi kilichopita nilikuta banda limefungwa. Jirani akanielekeza nyumbani kwa Mwalimu, nyuma ya soko. Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, amevaa lile sweta, macho yamepata ukungu. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akageuza sikio kwangu, si uso.

“Ni binti wa Segese,” mkewe akamwambia.

“Namjua. Nimesikia sauti.”

Nilimwambia nimekuja kumpa habari za Kabula. Amepata kazi, ameanza kwenye zahanati moja upande wa Ushirombo, anavaa sare. Aliitikia kwa kichwa. Mkewe alisema wabeja, wabeja, akaenda ndani kuleta chai.

“Na yule mdogo?” Mwalimu akauliza.

“Yuko kidato cha tatu.”

“Kwa hiyo bado.”

“Bado, Mwalimu.”

Kuku walikuwa wanapekua karibu na miguu yake na yeye hakuwaona. Kisha akaanza kuzungumza, polepole, kana kwamba anapima kila neno kabla ya kulitoa.

“Ulipoacha kuja shule,” akasema, “niliuliza darasani, wakaniambia mama yako amefariki. Nikasubiri matanga yaishe. Nikapanda baiskeli Jumamosi moja kuja kukurudisha. Nilikuwa nimepanga na cha kusema. Nikafika pale kwenye uzio wenu wa minyaa. Ulikuwa umembeba mmoja mgongoni, unamnawisha mwingine, na jikoni kunatoka moshi.” Akalivuta sweta lake. “Nilisimama hapo nje ya minyaa. Yale niliyopanga kusema hayakuwa na kazi tena. Nikageuza baiskeli.”

Sikujua kwamba alinikumbuka. Miaka yote ya benchi lile sikujua.

“Mpaka leo,” akasema, “sijui kama ningeingia ningefanya nini.”

Nilimtazama. Nilijaribu kuiona Jumamosi hiyo na sikuiona, zilifanana zote. Nilijua tu kwamba asingenirudisha shule, wala mtu mwingine yeyote asingeweza. Nilijua pia kwamba katika majuma yale, baada ya watu wa matanga kutawanyika, hakuna aliyepita kwetu.

“Ungeingia tu, Mwalimu,” nikamwambia. “Uji ulikuwepo.”